Kopo la Mfuto

Chuoni ninapofundisha, walimu wa uhasibu wanakaa ghorofa ya chini na walimu wa masoko wanakaa ghorofa ya juu, na wakikutana kwenye ngazi husalimiana kama watu waliowahi kuoana. Wa chini wanasema wa juu hawajui kutoa na kujumlisha. Wa juu wanasema wa chini hawajawahi kuuza hata kiberiti. Mimi nimesomea huku na huku, kwa hiyo kila mwaka mada ya thamani ya mteja natupiwa mimi. Ndiyo mada inayowalazimisha wakae meza moja: huyu aseme mteja analeta nini, yule aseme mteja anakula nini, kisha wakubaliane kama mtu huyo ni faida au ni hasara.

Naifundisha vizuri, sitajifanya mnyenyekevu hapa. Ila siku moja kijana wa viti vya nyuma aliuliza: "Mwalimu, sasa huyu mteja anayenunua vidogo vidogo tu, si tuachane naye?" Darasa likacheka. Niliweka chaki mezani, nikatoka, nikaenda kusimama nyuma ya matangi ya maji na kulia. Kijana wa watu hakuwa na kosa. Mimi nililelewa na uhasibu na masoko ndani ya nyumba moja, kijijini kwetu Keza, na nyumba hiyo ilivunjika kwa swali lake.

Tulikuwa tumeshahamishwa kutoka mlimani, enzi zile za vijiji vya ujamaa. Nyumba zetu za zamani zilibaki kwenye migomba, sisi tukapangwa kando ya barabara kwa mstari, mlango kwa mlango, na watu wazima wakaanza kuzoea kusikia kikohozi cha jirani. Vibanda vya watu binafsi vilifungwa. Tukachoma matofali, tukajenga duka la kijiji, na mkutano ukakaa kuchagua watu wa kuliendesha.

Baba alichaguliwa mtunza hesabu. Alikuwa amesoma misheni, kisha akawa karani wa mizani ya kahawa, na sifa yake ilijulikana: kahawa ya mtu haikupotea hata punje mbele yake. Alivaa soksi hata siku za kulima, jambo ambalo mama hakuacha kulitania. Mama naye alichaguliwa muuzaji, na waliomtaka ni wanawake. Alikuwa ameolewa kutoka Nyamahanga, upande wa Biharamulo, na alizungumza Kihangaza, lugha yetu, kwa lafudhi ya kwao. Watu walimcheka, naye akajicheka pamoja nao, na hapo wakawa wameshakuwa wake.

Mzee mmoja wa kamati alisimama akauliza kama hilo si duka la mtu na mkewe. Baba akavua kofia, akala kiapo mbele ya mkutano wote: siku mke wangu akipungukiwa na mali ya duka, mimi ndiye nitakayesema wa kwanza. Watu wakapiga makofi. Mama alipiga makofi pia, nakumbuka, tena kwa nguvu.

Sasa niseme habari ya nyongeza, maana bila hiyo hakuna cha kusimulia. Kwetu mtu hapimiwi kitu halafu akaachwa hivyo hivyo. Ukishajaza kopo la chumvi, kilima kikasimama juu yake, unamimina kwenye kitambaa cha mteja, kisha unachota tena kidogo kwa vidole na kumwongezea. Kile kidogo hakina bei. Kinamwambia mtu kwamba umemwona. Ukimpimia mfuto, yaani ukapitisha kitu juu ya kopo na kulifuta libaki sawasawa na ukingo, umemwambia kwamba kati yenu kuna ugomvi. Watu walipimiana mfuto walipokuwa na kesi. Mama hakuwa na kesi na mtu, kwa hiyo alijaza kopo, akaongeza, na wakati wote huo alikuwa akiuliza: mtoto ameacha kuharisha? Wakwe wamefika? Mbona umekonda?

Watu walikuja kutoka mbali. Wengine walitoka Murukulazo, wakayapita maduka ya vijiji vingine yenye chumvi ile ile ya bei ile ile ya serikali, wakaja kupanga foleni kwa mama. Mteja mkubwa kuliko wote, kwa maoni ya mama, alikuwa bibi mmoja mkunga. Bibi huyu hakuwa na kitu. Alinunua chumvi ya kufunga kwenye ncha ya khanga, na sabuni kipande, basi. Lakini alikuwa amewapokea karibu watoto wote wa eneo lile, na kila nyumba alikozalisha, kabla ya kunawa mikono alisema, "Mume aende dukani kwa yule wa Nyamahanga, alete chumvi na sabuni. Pale kuna balaka." Alisema balaka, na sisi watoto tulimwiga. Mume alikwenda. Akishakwenda mara moja, alirudi tena kwa mafuta ya taa, kwa jembe, kwa shuka.

Kila mwisho wa mwezi baba alihesabu mali, na kila mara chumvi ilipungua. Mwanzoni walilifanya mzaha. Baba aliuita "wizi wenye adabu." Mama alimjibu kwamba hizo soksi zake ndizo zilizokunywa chumvi. Tulicheka sana kwenye nyumba ile. Watoto wakikaa muda mrefu kwenye nyumba yenye kicheko hudhani ndivyo nyumba zote zilivyo, na wanachelewa kuona kinapopungua.

Akaja mkaguzi kutoka wilayani, kijana mwenye mkoba, akaona upungufu wa chumvi, akamwagiza baba kwamba kuanzia siku ile kila kitu kipimwe mfuto. Hakuwa mtu mbaya. Alipewa soda na ndizi, akashukuru, akaenda zake. Baba alikata kijiti cha mti wa kahawa, akakichonga bapa, akakisugua kwa jani gumu mpaka kikateleza, akakiweka kando ya kopo. Alikichonga vizuri mno. Mama alikitazama.

Alijaribu. Nilimwona akijaribu. Alijaza kopo la mama mmoja jirani yetu, akashika kijiti, akakipitisha, na chumvi ya juu ikarudi ndani ya gunia. Yule jirani aliangalia kopo, akamwangalia mama, akauliza taratibu kwa Kihangaza kama kuna neno baya alilosikia juu yake. Mama akatupa kijiti chini. Tangu siku hiyo alikitumia baba akiwepo tu, na baba alijua hivyo, na wote wawili wakajitia hamnazo.

Kisha vita vikaja. Nduli, mtawala wa nchi jirani, alivamia kaskazini ya mkoa, vijana wetu wa mgambo wakaandikishwa na kuondoka wakiimba, na malori yote yaliyoweza kutembea yakaenda kubeba jeshi. Dukani palibaki rafu, mizani na picha ukutani. Sabuni ilikwisha, mafuta ya taa yakakwisha, na chumvi ikawa kitu cha kuulizana njiani. Watu walipika ndizi na maharage wakala yalivyo, wakinyamaza, kwani nani angelalamikia chumvi wakati mwanawe yuko vitani.

Baada ya muda mrefu likaletwa gunia moja la chumvi. Moja, kwa kijiji kizima na majirani zake. Kamati ikamwambia baba atafute utaratibu wa haki, na baba, ambaye aliamini haki inaweza kuhesabika, akafungua kitabu cha mauzo akapanga watu kwa namna walivyokuwa wamenunua tangu duka lianze. Walionunua sana watangulie. Waliobaki wasubiri kama kitabaki kitu. Naweza kuutetea utaratibu ule hata leo mbele ya darasa. Haukuwa na upendeleo, haukuwa na rushwa, haukumwangalia mtu usoni.

Yule bibi mkunga alikuja asubuhi, amejifunga khanga kiunoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapita ndani. Alisema kuna mzazi nyumba ya tatu kutoka kanisani, mume wake yuko vitani, anahitaji maji ya chumvi ya kujisafishia. Baba alipitisha kidole kwenye kitabu, tena kwa heshima, akamwambia:

"Bibi, kitabuni wewe ni mdogo sana. Subiri wakubwa wapite."

"Mimi mdogo?" bibi akauliza. Alikuwa amempokea baba mwenyewe siku aliyozaliwa.

"Kitabuni, bibi."

Mama alichukua kopo, akalizamisha ndani ya gunia, akalitoa na kilima chake kimesimama, akalimimina kwenye khanga ya bibi. Kisha akachota kwa vidole akaongeza. Hakukipitisha kijiti, hakungoja zamu, na baba alikuwa pale pale, kalamu mkononi, na watu wote wanamwangalia yeye.

Hapo ndipo kile kiapo kiliporudi kumdai. Jioni ile baba hakula. Kesho yake akapeleka habari kwenye kamati, yeye mwenyewe, wa kwanza, kama alivyoapa: chumvi ya zamu ya watu wengine imetolewa, na upungufu wa chumvi wa siku zote ni wa muuzaji yule yule.

Mkutano ulikaa mbele ya duka. Baba alisimama akasoma hesabu, sauti yake ikawa ya karani wa mizani. Alipofika kwa mama akasema, "Ndugu muuzaji ajieleze."

Ndugu muuzaji. Kila mtu aliitwa ndugu siku zile, hata waziri. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kumsikia baba akimwita mama hivyo, yeye aliyezoea kumwita mama watoto, na mama alishtuka, akageuza kichwa kidogo kana kwamba ameitwa mtu aliyekaa nyuma yake.

Akasimama. Kiswahili cha mkutano kilikuwa kinampa shida, akakisema hivyo hivyo. "Huyu bibi ndiye duka," alisema. "Nyinyi mnaona chumvi ya kufunga kwenye khanga. Nani alimleta mume wa huyu hapa? Nani aliwaleta wa Murukulazo? Bibi asipokuja, hao wote hawaji. Ile chumvi ninayoongeza haipotei, inarudi na watu."

Watu wakaguna, wengine kwa kukubali. Baba akamwangalia. Wako wanaosema alimkejeli, na wanakosea, nilikuwepo na niliuona uso wake. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeomba aonyeshwe mlango.

"Sawa," alisema. "Hilo niliandike safu gani?"

Mama akawatazama wanawake waliomchagua. Hakujua habari za safu. Baba naye alikuwa nazo zile alizofundishwa tu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, kilichopungua. Kila mmoja alishika nusu ya jibu na hakuna aliyejua kwamba mwenzake ana nusu nyingine. Mimi nimekaa madarasani miaka na miaka mpaka nikaweza kuziunganisha, na wakati huo nilikuwa nimekaa chini kwenye vumbi, mtoto tu, nikiomba Mungu mmoja wao aseme neno.

Kamati ikaamua. Mama atoke dukani, na chumvi yote iliyopungua irudishwe, kwa chumvi, si kwa fedha, maana fedha wakati huo haikununua kitu. Kila mtu alijua kwamba deni la mke hulipwa na mume. Watu walimtazama baba. Baba alifunga kitabu, akasema akilipa yeye itaonekana walikuwa wanakula pamoja, na hesabu za kijiji zitanuka. Akakaa.

Habari ilifika Nyamahanga kwa njia ambazo habari hupita. Wajomba zangu wakaja, kaka zake mama, wamebeba chumvi. Sijui nyumba ngapi walipita kuiomba, ila kwa kuitazama tu ulijua ilitoka jikoni kwa watu wengi. Nyingine ilikuwa nyeupe, nyingine ya kijivu, nyingine ilikuwa imeshika maji ikawa mabonge, nyingine ina punje za unga ndani yake. Wakati ule mtu kukutolea chumvi ya chungu chake ilikuwa kama kukutolea mtoto wake mwenyewe akuchungie mbuzi. Walisalimia, wakakataa kukaa, wakamwomba baba alete kopo lake na kijiti chake.

Wakapima mbele yetu. Kopo kwa kopo, mfuto, mjomba mkubwa akikipitisha kile kijiti cha mti wa kahawa kwa uangalifu mkubwa, mpaka deni likatimia. Kisha akachota chumvi kwa vidole, akaidondosha juu ya ile nyingine.

"Na hii ni nyongeza, shemeji," akasema.

Mama alikuwa ameshafunga nguo zake. Kwao, ndugu wakilipa deni ambalo mume amelikataa, wanaondoka na dada yao, na hakuna wa kuwauliza. Sisi watoto ni wa baba, tukabaki. Mama alitushika vichwa mmoja mmoja. Mimi alinishika muda mrefu zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naachiwa jiko. Kisha akamgeukia baba.

"Umenipima mfuto, baba watoto," alisema, na hakusema kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Niliwatazama wakishuka barabarani mpaka wakapotea kwenye mashamba. Nililia nikiwa nimeshika mwiko, ugali ukaungua, na tukaula.

Vita vikaisha. Ngoma zikapigwa, baadhi ya vijana wakarudi, baadhi hawakurudi, na mama zao wakaendelea kukaa kando ya barabara wakiwangoja. Chumvi ikaja tena dukani. Muuzaji mpya alikuwa mtu mwaminifu, akapima mfuto kila kopo, na kwa mara ya kwanza tangu duka lijengwe hesabu ya chumvi ikatoka kamili. Mkaguzi alimpa baba mkono. Baba alinionyesha ule ukurasa, mstari wa upungufu ukiwa na sifuri, na mimi nilisoma, nikamwambia ni mzuri.

Ulikuwa mzuri, na hapakuwa na mtu dukani. Bibi mkunga aliwaelekeza waume kwingine. Wa Murukulazo wakayapita maduka mengi zaidi au machache zaidi, sijui, ila kwetu hawakuonekana. Magunia yalisimama wazi, chumvi ikishika unyevu kwa juu. Baba alikaa nyuma ya meza amevaa soksi zake, akihesabu kilichobaki, nacho kilikuwa hakipungui. Mwishowe duka likafungwa, na hakuna aliyepungukiwa.

Mama aliuza chumvi gulioni kwao Nyamahanga. Likizo nilikwenda kumwona. Alikuwa na foleni. Aliniuliza kila mara, "Baba yako anakula?" Nikajibu anakula. Baba naye aliniuliza nikirudi, "Mama yako hajambo?" Nikajibu hajambo. Nilibeba maswali hayo mawili huku na kule kwa miaka. Mume akitaka mkewe arudi anakwenda ukweni na pombe ya ndizi, anakaa chini, anasema nimekosa. Baba hakwenda. Nilimchukia kwa hilo, sitaficha. Nilidhani ni kiburi. Kumbe alikuwa anatafuta lile jibu. Hakutaka kwenda kusema nimekosa kabla hajajua amekosea wapi kwenye hesabu.

Nilijua hilo akiwa ameshazeeka, siku aliponiuliza chuoni ninafundisha nini hasa. Tulikuwa tunachambua maharage. Nikamweleza bila kufikiri, kama ninavyowaeleza vijana: unamchukua mteja mmoja, unaangalia atakuja kwa muda gani, ataleta nani na nani, halafu unatoa kile unachotumia kumshika. Hata kile unachompa bure kinaandikwa, baba, ila hakiandikwi kama upungufu. Kinaandikwa kama gharama ya kumpata na kumtunza.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo safu ipo," akasema.

"Ipo, baba."

"Ilikuwepo hata wakati ule?"

Nilitaka kumdanganya. Nikamwambia kwamba ilikuwepo kwa watu wengine, mbali, haikuwa imetufikia. Akaendelea kuchambua maharage, akitupa mazima pamoja na mabovu. Baadaye akasema mvua zikikatika atakwenda Nyamahanga, nimpeleke, tutafute pombe nzuri.

Mvua zilikuwa hazijakatika mama alipofariki.

Tulikwenda hivyo hivyo kwenye matope. Baba hakubeba pombe. Alibeba kopo, lile lile, lenye kutu ukingoni, amelijaza chumvi mpaka kilima kikasimama juu, kisha akaongeza kwa vidole. Alilifunika kwa jani la mgomba akalifunga kwa kamba za mgomba, akalipakata njia nzima. Barabara ile unaijua kama umewahi kuipita. Gari lilirushwa na kutikiswa, nami nikamwambia anipe nimshikie, akakataa.

Msibani, mjomba mkubwa alitoka kutupokea. Alikuwa amezeeka naye. Baba akapiga magoti, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya nje ya kanisa, akafungua kamba, akafunua jani.

Njia ilikuwa imeitikisa chumvi yote ikashuka. Ilikuwa imelala sawasawa na ukingo, imenyooka, hakuna kijiti ambacho kingeifuta vizuri kuliko vile.

Baba akaitazama. Akapapasa jani, akapapasa mfuko wa koti, akatafuta kwa vidole kitu cha kuongeza, na hakuwa na kitu. Mjomba akanyoosha mikono yote miwili kulipokea.

"Imetosha, shemeji," akasema.

"Haijatosha," baba akasema. Akanigeukia, macho yamejaa, kama mtu anayetafuta shahidi. "Mwanangu, waambie. Wakati tunatoka, si ulikiona kilima?"

Nikawaambia nilikiona.